Barua ya wazi kwa mnaosimamia malipo ya barabara kwa simu: gari liko getini, anayelipa yuko Dodoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Na mlio wadogo kwangu, maana najua waliotengeneza hiyo aplikesheni wengi ni vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, hamjambo.

Naandika kutoka Nzuguni, hapa Dodoma. Mi ni mama mwenye Fuso moja. Sina kampuni wala ofisi, nina hiyo Fuso niliyoinunua kwa hela ya kikundi na mauzo ya mashamba mawili, inapakia mahindi Kibaigwa inapeleka Dar, na ikirudi inarudi na chochote kitakachopatikana, saruji, mabati, sabuni, vyombo vya watu wanaohama. Sitataja geti wala ofisi yoyote hapa kwasababu sikuja kumchafua mtu, nataka kitu kitengenezwe. Nimesikia mnataka kuipanga upya aplikesheni ya kulipia tozo za barabara, nikasema basi kabla hamjamaliza nisikilizwe na mimi, maana hiyo kitu ilinifanya nimkosee mtu mzima mwenye familia yake.

Ngoja nianze na hapo hapo.

Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wenyewe wa mahindi, Kibaigwa pale magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Dereva wangu, namwita kijana wangu ila ana watoto watatu, akatoka jioni na magunia 90. Saa tisa usiku simu yangu inaita. "Mama samahani kukuamsha, geti halifunguki." Namuuliza si nilikutumia hela ya geti mchana? Anasema nimelipa mama, hela imekatwa, ila hii kitu imeandika ombi lako linashughulikiwa, na kiduara kinazunguka tu. Nyuma yake nasikia honi, semi zimejipanga zinampigia kelele, na mtu wa getini anamwambia kaka sogea pembeni au lipa tena. Nikamwambia lipa tena. Akalipa tena, geti likafunguka, akaondoka.

Safari ya pili hivyo hivyo, ya tatu ikapita salama, ya nne tena akaniambia amelipa mara mbili.

Mi nikafungua historia ya malipo kwenye aplikesheni. Naangalia tarehe ile, mstari mmoja. Tarehe nyingine, mstari mmoja. Malipo mara moja tu kila safari. Hapo moyo ukabadilika. Nikasema kumbe huyu ananichezea, ananiambia mara mbili, nyingine anaweka mfukoni. Alinionyesha meseji za kampuni ya simu kwenye simu yake, nikamjibu meseji siku hizi zinatengenezwa. Nilimwambia hivyo mbele ya utingo. Hakubishana. Alichukua funguo akaziweka mezani, karibu na sahani yangu ya ugali, akasema "Mama, gari lako lipo salama, nimelijaza maji," akaondoka kwa miguu.

Fuso ikalala wiki mbili chini ya mwarobaini, mwezi wa saba, jamani, mwezi ambao gari moja linaweza kulipa ada za shule za mwaka mzima.

Kilichonifungua macho ni shemeji yangu, akaniambia kwanini msiende dukani kwa kampuni ya simu mkachukua taarifa ya miamala ya laini yake. Tukaenda wote, yeye alikubali bila kinyongo, mwenye kinyongo nilikuwa mimi. Karatasi ikatoka. Kila safari aliyosema, hela imetoka mara mbili, saa imeandikwa, dakika imeandikwa, zimepishana dakika nne na mara nyingine dakika sita. Yaani yule mtu alikuwa anasema kweli kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Aplikesheni yenu ilikuwa inaonyesha yale malipo yaliyofungua geti tu, yale mengine yaliyokwama katikati haikuyaonyesha popote, kama vile hayajawahi kutokea. Nilienda kwake Chang'ombe na unga na sukari kuomba radhi. Amerudi kazini, nashukuru. Hela yenyewe ilirudi siku ya 23 baada ya mimi kupeleka ile karatasi, lakini wakubwa, hela ndo kitu kidogo kabisa kwenye habari hii.

Kwahiyo ombi langu la kwanza, na hata mkiliacha mengine yote hili msiliache, ni kwamba hela ikitoka kwenye simu ya mtu lazima ionekane ilipo. Kama imekwama iandikwe imekwama, kiasi gani, saa ngapi, na itarudi lini. Msiandike "inashughulikiwa" halafu mkanyamaza. Hiyo "inashughulikiwa" dereva afanye nayo nini saa tisa usiku? Asubiri? Arudi nyuma? Alipe tena? Haimwambii kitu. Mwandikieni kama mtu anavyoongea: "Tumepokea hela yako, geti bado halijapata taarifa, usilipe tena, mwonyeshe mhudumu namba hii." Na mhudumu naye kwenye mashine yake aione hiyo namba, amruhusu apite. Kama kosa ni la mtandao wenu, kwanini atoe hela mara mbili yule aliyeko kwenye usukani?

Sasa niwaambie ninavyoiona shida ilikoanzia, maana nimeifikiria sana nikiwa hapa nyumbani na Fuso imelala.

Hiyo aplikesheni imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye gari ni lake, anaendesha yeye, simu ni yake na hela ni yake. Mtu wa namna hiyo yupo, namwona hapa mjini, anatoka Mtumba ofisini na gari lake dogo, Ijumaa anaenda Dar. Yeye pengine haimsumbui. Lakini gari la kazi halina mtu mmoja. Kuna tajiri mwenye gari, kuna dereva, kuna utingo, kuna mwenye mzigo ambaye mara nyingine ndo amekubali kulipia geti, na hao wote wako sehemu nne tofauti. Tajiri yuko Dodoma, mwenye mzigo yuko sokoni Dar anasubiri, dereva yuko getini. Nyie mkasema akaunti moja, laini moja, simu moja. Mimi akaunti niliisajili kwa laini yangu kwasababu kadi ya gari ina jina langu, dereva akiifungua kwenye simu yake namba ya uhakiki inakuja kwangu, ina dakika mbili tu za kuishi, mi nimelala. Nikiifungua kwangu, yeye inamtoa. Tumekuwa tunapokezana kama ndoo moja ya maji kisimani.

Na wala sio kwamba hamna mfano wa kuiga, mfano upo kila nyumba. Angalieni LUKU. Mama yangu yuko Kondoa, simu yake ni kitochi, hajui hata kusoma meseji vizuri. Umeme ukiisha kwake ananipigia, mi nikiwa hapa naweka namba ya mita yake, nalipa kwenye simu yangu, namba 20 zinakuja namsomea au namtumia mjukuu aziingize. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa hiyo nyumba. Hakuna aliyemtumia mama yangu namba ya uhakiki. Hela inaenda kwenye mita, haiendi kwa mtu. Sasa gari lina nini tofauti? Gari lina namba yake, ipo mbele na nyuma, kubwa, inaonekana hata usiku. Hela iwekwe kwenye namba ya gari. Yoyote anayetaka kuijazia aijazie, tajiri, dereva, mwenye mzigo, mtoto wangu aliyeko chuo, yoyote. Gari likifika getini lenyewe lina salio lake, geti linasoma, linafunguka, dereva hata simu haigusi.

India wamefanya hivyo, wana stika inabandikwa kwenye kioo cha mbele, inaitwa FASTag, geti linaisoma gari likiwa linapita na hela inakatwa kwenye akaunti iliyofungwa na ile stika, na tangu Februari 2021 imekuwa lazima kwenye barabara zao kuu za kulipia, asiye nayo akawa anatozwa mara mbili. Hiyo ya kutoza mara mbili mi siitaki hapa, nasema wazi, maana watakaoumia ni walewale wenye simu mbovu. Lakini habari ya mtu kujaza hela kwenye gari akiwa mbali, hiyo ndo naililia. Nairobi nako madereva wanaoenda huko wananisimulia, ile barabara yao ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands iliyofunguliwa 2022, mwingine ana kifaa kwenye kioo, mwingine ana kadi anapitisha, mwingine anatoa keshi, na wote wanapita siku hiyo hiyo. Hawakumlazimisha mtu kuwa na simu kubwa ndipo apite.

Na mdogo wangu aliyeko Uingereza aliniambia kuna kivuko pale mashariki ya London, Dartford, tangu mwishoni mwa 2014 vibanda walivitoa kabisa. Unapita bila kusimama, kamera inasoma namba, halafu una muda mpaka saa sita usiku ya siku inayofuata uwe umelipa. Usipolipa barua ya faini inakufuata nyumbani, na watu wanasahau kweli wanapigwa faini. Nalitaja hili kwasababu linanipa wazo moja zuri na moja la hatari. Zuri ni kwamba dereva hasimami kabisa, tajiri analipa akiamka asubuhi. La hatari ni kwamba kwetu barua hainifikii, sina hata anwani ya posta, kwahiyo mkileta mtindo huo bila meseji kwa mwenye gari, tena meseji inayokuja siku ileile, mtakuja kukuta watu wana madeni ya faini wasiyoyajua, gari limekamatwa njiani na mzigo wa nyanya unaozea juu. Mkiupanga hivyo basi wekeni meseji tatu, baada ya kupita, kesho yake asubuhi, na jioni kabla muda haujaisha.

Turudi nyuma kidogo, maana wengine mtasema huyu mama anakataa kulipia barabara. Sikatai. Tumelipia barabara miaka yote. Kila lita ya dizeli ninayoweka ina tozo ndani yake inayoenda Mfuko wa Barabara, nailipa bila kuulizwa. Mnaikumbuka rodi laisensi? Kile kikaratasi cha kioo cha mbele, kila mwaka foleni, trafiki anakusimamisha anachungulia kwenye kioo, gari bovu limelala gereji na bado linadaiwa. Mwaka 2017 bajeti ikakifuta, ada ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tangu siku ile hakuna mtu amenisumbua kwa habari hiyo. Nalipa kadri ninavyotembea, gari likilala silipi. Hakuna paswedi, hakuna bando, hakuna kiduara kinachozunguka. Naona hata hao waliobuni ile njia hawajawahi kushukuriwa, basi mi nawashukuru hapa. Nyie mnaotengeneza malipo mapya jipimeni na ile: je, ni rahisi kama kuweka mafuta? Kama sio rahisi hivyo, rudini mezani.

Halafu neno lenyewe tozo mjue mnalibeba na kidonda chake. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilivyoanza watu waliumia, wengine wakarudi kutembea na keshi kwenye soksi, Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kilichowaudhi wengi, mimi nikiwemo, ilikuwa kutuma hela ndo unaona makato baada ya kutuma. Kwahiyo kwenye hiyo aplikesheni kabla mtu hajaweka namba ya siri aone kila kitu, gari gani, geti gani, kiasi cha geti, makato ya mtandao, jumla, na kitakachobaki. Tumeshazoea kwenye kutuma hela, jina la mtu linatokea kwanza unahakikisha ndo unaweka namba ya siri, na hilo jina limeokoa watu wengi sana. Fanyeni hivyo kwa gari pia. Nikiandika namba itokee "Fuso, rangi nyeupe", nijue sijamlipia mtu mwingine.

Na hapo kwenye kuandika namba ya gari pana kituko ambacho nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa kwa wakala hapa Nanenane, akaja mzee mmoja ana pikapu ya zamani anapeleka zabibu, heshima yake, amevaa miwani ya kamba. Anataka kulipia. Akaandika T, akaacha nafasi, namba tatu, nafasi, herufi tatu, vile vile ilivyo kwenye bati la gari. Ikagoma, ikaandika kwa kiingereza maneno mekundu, hakuna aliyejua ni nini. Akafuta yote akaanza upya, kwa kidole kimoja, pole pole. Ikagoma. Mara ya nne yule binti wakala akachukua simu akaandika bila kuacha nafasi, ikakubali. Shida ilikuwa nafasi! Namba za magari yetu ya kawaida zina mpangilio uleule, T, tarakimu tatu, herufi tatu, kompyuta inashindwaje kuziondoa hizo nafasi yenyewe? Yule mzee alikaa pale robo saa nzima, kijasho kinamtoka, anaomba radhi watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, anasema "samahanini wanangu, hii mitambo imenishinda." Iliniuma ile. Mzee aliandika namba ya gari lake kama ilivyo, na ndiye anayeomba radhi.

Jua la Dodoma nalo mlifikirie. Sijui mlijaribia wapi hizo rangi, nadhani ofisini penye taa na kiyoyozi. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu kingine, madogo. Dereva saa saba mchana, jua linapiga kwenye kioo, simu yenyewe ya bei ndogo kioo kina ufa, inambidi aiingize simu ndani ya shati achungulie kama mtu anayeangalia kifaranga. Wekeni nyeusi juu ya nyeupe, herufi kubwa, kitufe kimoja kikubwa cha LIPA chini ambapo kidole gumba kinafika. Hayo mapicha ya barabara za ghorofa na gari jekundu linalokimbia mkifungua tu, yatoeni, yanakula bando na yanachelewesha. Kila apdeti inataka kudaunilodiwa upya wakati mtu ana bando la jero la siku.

Kiswahili. Jamani Kiswahili. Kitufe cha kubadilisha lugha kipo, nimekiona, kimefichwa ndani ya mipangilio, na ukikibonyeza nusu inakuwa Kiswahili nusu inabaki vilevile, na hicho Kiswahili chenyewe ukikisoma unajua kimetafsiriwa na mashine, maana hakuna mtu hapa Nzuguni anayeongea hivyo. Mi naomba ianze Kiswahili, anayetaka kiingereza ndo akitafute. Na mtumie maneno ya watu wa barabarani. Sisi tunasema salio, tunasema makato, tunasema geti, tunasema risiti. Waiteni madereva watano muwape hizo kurasa wazisome kwa sauti, wanapokwama ndo mbadilishe hapohapo.

Halafu wasio na simu janja, na ni wengi kuliko mnavyodhani, hasa matingo na wazee. Menyu ya nyota na reli inatosha kabisa. Serikali tayari ina menyu yake ya huduma, *152*00#, watu wameshaizoea, kitu cha kufanya ni kuhakikisha malipo ya geti yamo humo, hatua tatu zisizidi, namba ya gari, kiasi, namba ya siri. Control namba nayo ni nzuri kwa mambo ya ofisini, una siku kadhaa za kulipa, umekaa. Ila getini dereva kusoma tarakimu 12 kwenye karatasi na kuziandika kwenye simu huku nyuma anapigiwa honi, hapana, hiyo sio kazi ya getini.

Risiti nimeigusa juu ila naomba niirudie kwasababu ndo imenifikisha hapa. Nyie mnaona risiti kama karatasi ya TRA. Kwetu risiti ndo inayomfanya tajiri na dereva walale kwa amani. Dereva anarudi na hesabu, mafuta kiasi hiki, chakula, kushusha, geti. Kila kitu kwenye hesabu kina kajikaratasi au shahidi, utingo ameona, mama ntilie yupo. Geti ndo kitu pekee kilichobaki kwenye aplikesheni, na aplikesheni ilisema uongo. Nataka mwisho wa mwezi nibonyeze sehemu moja nipate orodha ya gari langu lote, tarehe, saa, geti, nani alilipa kwa laini ipi, yaliyofanikiwa na yaliyokwama na yaliyorudishwa, yote, niprinti kwa jero hapo steshenari niiweke kwenye faili. Dereva naye aione hiyohiyo kwenye simu yake. Tukiona kitu kimoja wote wawili hatugombani. Na mwenye magari 10 naye aweze kuyaona yote kwa akaunti moja, kila dereva alione gari lake tu, ila tajiri akibadilisha dereva amtoe kwa kubonyeza mara moja, maana madereva wanahama.

Kitu kingine nikiseme haraka. Aplikesheni inaniomba ruhusa ya kuona namba za watu kwenye simu yangu, picha zangu, mahali nilipo muda wote. Za nini? Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Kulipia geti kunahitaji namba ya gari na hela. Gari langu lilipo saa hizi na limepita wapi ni habari ya biashara yangu, na kwa usalama wa mzigo sitaki kila mtu wa ofisini aweze kuifungua.

Na namba ya huduma kwa mteja iwe ya kupokelewa. Nilipiga siku nne, inaita mpaka inakata, siku ya tano akapokea binti mwenye sauti ya upole sana, akaniambia mama tuma barua pepe. Malori yanatembea usiku, watu wa huduma nao wawepo usiku. Hata wawili tu.

Mnaweza kujiuliza huyu mtu wa Dodoma geti linamhusu nini kiasi hiki, hapa kwetu hakuna geti. Linanihusu kwasababu mpango wa barabara ya haraka ya kulipia Kibaha mpaka Chalinze serikali imeshausema mara nyingi, kwa ubia na sekta binafsi, na sisi wa kati njia yetu kwenda baharini ni hiyo hiyo, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze. Wa Singida na alizeti yao, wa Manyoni, wa Bahi na mchele, sisi wa Kibaigwa na Kongwa, malori yanayotoka Rwanda kupitia Rusumo, wote tunashuka kwenye mdomo mmoja. Treni ya SGR imefika Dodoma mwaka 2024, nimeipanda na mimi nimefurahi sana, lakini magunia yangu bado yanapita barabarani. Barabara hiyo ikianza na aplikesheni ya namna hii, hayo yaliyonipata mimi yatawapata wengi kwa siku moja, na sio kila dereva ataweka funguo mezani kwa upole kama wangu. Kurekebisha saivi ni kazi ya vijana wachache na kompyuta zao. Kurekebisha siku foleni imefika Mlandizi ni habari nyingine.

Kwahiyo naomba hivi, na hili ni la kutendeka wiki hii hii. Msikae hotelini na projekta mkawaita wadau. Njooni Kibaigwa siku za msimu, asubuhi, magari yanapopakia. Mtawakuta madereva wamekaa kwenye magunia wanasubiri zamu, wana muda, na wana simu zao mkononi za kila aina. Wapeni waijaribu mbele yenu, nyie mkae kimya mwangalie vidole vyao vinavyokwama. Msiwasaidie. Mkishamaliza hapo mmoja wenu apande na dereva wangu mpaka getini, na simu ya bei ndogo na bando la jero, alipie yeye mwenyewe saa tisa usiku akiwa na semi nyuma yake.

Nimeshaongea na kijana wangu, amekubali. Fuso inapakia Alhamisi, inatoka jioni. Utingo amesema safari hiyo atabaki nyumbani, kwahiyo kiti cha pembeni kipo, mi nitawawekea chai kwenye chupa na maandazi ya njiani. Mkifika Kibaigwa sokoni ulizeni Fuso ya mama wa Nzuguni, wapagazi wote wanaijua.

Ni mimi,
mama mwenye Fuso, Nzuguni, Dodoma